Bati la Nadhiri ya Domitila

Cleofas Barrientos hakufundishwa na mtu kuchora. Jambo hilo alipenda kulisema, na kadiri umri ulivyosogea alizidi kulisema kwa sauti, hasa wageni wakiwepo. Utotoni aliugua homa iliyogoma kutoka, na mama yake akawa akimbeba mgongoni kila Ijumaa kumpeleka kwenye kanisa la Kristo wa Noria. Mama alipiga magoti akaomba. Mtoto, kwa kukosa la kufanya, akatazama ukuta. Ukuta mzima ulijaa mabati ya nadhiri, madogo madogo, yamepigiliwa misumari yakabanana: mwanamke aliyeanguka kutoka juu ya nyumbu, mchimba madini aliyefukiwa na mawe, bibi kwenye kitanda cha hospitali amezungukwa na madaktari wenye visu, ng'ombe aliyetumbukia kisimani akatolewa mzima. Juu pembeni Kristo kwenye wingu lake; chini maneno ya shukrani, na jina, na mahali, na tarehe. Homa ilipokwisha, mtoto akaendelea kwenda kanisani peke yake kuyatazama.

Hiyo ndiyo shule aliyosoma. Mkono aliuzoesha kwa kuchora nguruwe kwenye kuta za mabucha na kuandika majina ya wachumba nyuma ya malori. Nyuso alizitoa kwenye matangazo ya mieleka, maana hakuna anayejua kuumia usoni kama mwanamieleka aliyelipwa aumie. Machozi aliyatoa kwenye vitabu vya picha vya mapenzi vilivyozunguka kwa kinyozi mpaka vikaisha kurasa. Bati lenyewe lilitoka kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, aliyoyapasua na kuyanyoosha kwa nyundo. Brashi nyembamba alizitengeneza kwa manyoya ya mkia wa mbwa wake, na yule mbwa ilifika mahali akimwona bwana wake na mkasi anavuka barabara.

Sisi watu wa Noria hatuchezi na nadhiri. Ukimwomba Kristo akakupa, unalipa. Usipolipa, alichokupa atakuja kukichukua. Na malipo ni bati ukutani mwake, mbele ya macho ya watu, likisema mambo jinsi yalivyokuwa. Kwa hiyo Cleofas alikuwa na maswali. Jua lilikuwa upande gani? Shati lilikuwa na vifungo? Mbwa alikuwepo? Alibweka au alikaa kimya? Watu walinung'unika kwamba afadhali uende polisi, wale hawaulizi hata nusu ya hayo. Lakini bati likishakauka, mwenye nadhiri alijiona mle ndani, na jirani yake, na mlango wake wenye ufa, akalia. Cleofas alisema Kristo hashukuriwi kwa uongo, na aliyasema hayo kwa moyo wake wote.

Kisha akaja Bi Aurea Villaseñor, kutoka jiji kuu, mwenye nyumba ya maonyesho ya sanaa na viatu visivyofaa kwa mawe ya kwetu. Aliyaona mabati kanisani akauliza ni ya nani. Mwaka uliofuata Cleofas alikuwa amesimama kwenye ukumbi mweupe, ndani ya koti la kuazima, watu wanamshika mkono. Kikatoka kitabu chenye picha yake. Wageni wakaanza kufika Noria na kamera, wanatafuta jina lake kwenye pembe za mabati. Zamani hakuwa akitia sahihi. Sasa akawa anatia, na kila mwaka ile sahihi ilinenepa kidogo. Mkewe, Macaria, ambaye hakujua kusoma, alimwambia, "Hii hapa chini kubwa kuliko Kristo ni kitu gani?" Naye akanuna siku nzima.

Walikuwa na mtoto mmoja, Eleuterio. Watu walimwita Telo. Cleofas alitaka amfundishe kazi. Telo alikuwa na mkono mzuri, pengine mzuri kuliko wa baba, lakini alikuwa na haraka ya maisha, na siku moja akasema kuchora shida za watu hakumwondolei mtu shida zake. Wakagombana, wakatupiana maneno yasiyofaa, na Telo akaondoka. Alimpigia mama yake simu sikukuu kwa sikukuu. Alisema yuko kaskazini, ng'ambo ya mpaka, anajenga nyumba za matofali. Macaria alilisambaza hilo soko zima. Cleofas hakuliamini sana, lakini alikaa kimya, kwa kuwa kuuliza kungekuwa kama kuomba radhi.

Basi mchana mmoja wa kiangazi Domitila Rentería, muuza tortila, ile mikate myembamba ya mahindi, aliingia uani kwa Cleofas bila kusubiri jibu.

"Hodi humu! Don Cleofas, upo, au siku hizi mpaka mtu aandikiwe miadi?"

"Pita, Domitila, acha maneno. Mtu wa miadi gani amekaa chini anasugua kopo?"

"Nimekuja kulipa," Domitila akasema, na sauti ikambadilika. Akamvuta mtu aliyekuwa nyuma yake, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. "Kristo amenirudishia huyu."

Alikuwa Nabor, mwanawe. Noria nzima ilijua kwamba Nabor alishushwa kwenye basi na watu wenye silaha, kwenye barabara ya migodini, na sisi tulikuwa tumekwisha kumwombea kama maiti. Huyu hapa sasa, amekonda, ngozi ya viganja imebabuka. Cleofas alifanya ishara ya msalaba.

"Mama, nimekwambia sitaki," Nabor akasema.

"Nyamaza. Aliyeahidi ni mimi, siyo wewe. Unataka aje akuchukue tena? Wiki ya tatu sasa nimekuficha kwa shangazi yako, usiku silali, kila mlango ukigongwa najua ni deni la Kristo. Kaa hapo umweleze Don Cleofas."

Nabor akakaa. Akaeleza huku akitazama ardhi, na Cleofas akamuuliza kama alivyowauliza wengine wote, na kwa maswali yale habari ikatoka kidogo kidogo. Walimpeleka na wenzake wawili kwenye tanuri la zamani la chokaa. Wenzake waliuawa mbele yake. Yeye, kiongozi wa wauaji akamkabidhi kwa kijana mmoja, akasema amalizwe nyuma ya ukuta. Walipofika nyuma ya ukuta yule kijana akapiga magoti akaanza kumfungua kamba.

"Mafundo yalikuwa magumu," Nabor akasema. "Akatoa ulimi pembeni, hivi, kama mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza kuandika. Hata nikataka kucheka. Siku ile, mimi, nikataka kucheka. Halafu akapiga risasi chini, akaniambia nikimbie, nisipite barabarani."

"Uso wake?"

"Don Cleofas, hapo ndipo nataka unielewe." Kwa mara ya kwanza akainua kichwa. "Yule aliwaambia wenzake amenimaliza. Siku wakijua niko hai mimi nimekwisha, na yeye amekwisha kabla yangu, tena hawatamuua haraka. Mchore amejifunga leso usoni."

"Alikuwa na leso?"

"Hakuwa nayo. Wewe mchore nayo."

"Nitamchora nayo," Cleofas akasema, ingawa halikumkalia vizuri. "Lakini niambie alivyo, mkono wangu ujue unaficha nini."

Nabor akamwambia. Masharubu membamba, ya mtu ambaye ndevu hazimwoti vizuri. Nyusi zinakutana. Sikio la kushoto limechanika, chini hapa, kipande hakipo.

Cleofas aliacha kusugua kopo. Sikio lile alilijua. Lilichanwa na waya wa miiba wa boma la jirani, Telo akiwa bado mtoto mdogo wa kukimbiza kuku, na Cleofas ndiye aliyembeba mbio mpaka zahanati, kile kipande kidogo amekifumbata mkononi, akidhani kitashonwa. Na ulimi ule pembeni alikuwa akiuona kila siku kwenye meza yake mwenyewe, Telo alipokuwa akichora.

"Amekonda?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo kijana. Alionekana anakula? Alikuwa na afya?"

"Afya?" Domitila akadakia. "We mzee, unataka kumchora au kumpima?"

Cleofas akasema ni kwa ajili ya mashavu. Walipoondoka aliinama akajidai anatafuta nyundo, na alikaa vile ameinama kwa muda mrefu.

Cleofas hakumwambia Macaria. Jioni walikula maharage na majani ya mpungate ya kukaanga, na Macaria akasimulia jinsi alivyomtambia mke wa mwokaji mikate kwamba Telo sasa ni fundi mkuu, ana watu chini yake. Cleofas alimtazama. Angemwambia nini? Mwanao hajengi nyumba za watu, mwanao yuko kwenye tanuri la chokaa na wauaji? Na kama angesema hilo, ingebidi aseme pia lile lingine, kwamba katikati ya wauaji mtoto wetu amemfungua mtu kamba. Mambo hayo mawili hayakuweza kutoka kwenye kinywa kimoja kwa pamoja.

"Mbona unanitazama hivyo?" Macaria akauliza. "Nimepakaa kitu usoni?"

"Kula," akasema.

Alianza kazi kesho yake. Alichora tanuri, jeupe, na jua la saa za alasiri likigonga ukuta. Alimchora Nabor, mikono nyuma, mdomo umekauka. Alimchora Kristo wa Noria kwenye wingu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alimchora bila kufikiri nani atamsifia. Akamchora kijana amepiga magoti, amejifunga leso nyekundu kutoka puani mpaka kidevuni, kofia imefunika masikio. Alivyoahidi. Bati likakauka, akalitundika ukutani kwake, na kila alipopita mbele yake roho ilimuuma. Lilikuwa bati zuri la kawaida, na yule aliyepiga magoti alikuwa jambazi yeyote wa barabara yoyote.

Siku kadhaa zilipita hivyo. Kisha akachukua wembe akaikwangua ile leso.

Alijipa sababu, na zilikuwa nyingi. Kristo hashukuriwi kwa uongo. Nadhiri yenye uso wa uongo si nadhiri, na Nabor angechukuliwa tena, na hilo lingekuwa juu ya nani? Atalitundika kwenye giza, nyuma ya mlango wa stoo ya mishumaa, ambako hata padri haingii. Kristo ataona, watu hawataona. Hizo ndizo sababu alizojipa, na zote zilikuwa maneno tu. Ukweli ni kwamba alikuwa amemkumbuka mwanawe, na hii ilikuwa njia pekee ya kukaa naye. Alikuwa pia na furaha, furaha mbaya ya siri, kwamba mtoto aliyemwita bure na mvivu amefanya jambo ambalo wengi wetu tusingelifanya, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Alichora uso ule polepole kuliko uso wowote maishani. Brashi yake ya manyoya machache kabisa. Nyusi zinazokutana. Masharubu ambayo hakuwahi kuyaona. Sikio. Ncha ya ulimi. Alipomaliza alijua, kama fundi anavyojua, kwamba hajawahi kufanya kazi kama hii na hataifanya tena. Na akatia sahihi.

Alilitundika mwenyewe asubuhi na mapema. Domitila alikuja na mshumaa wake, akapiga magoti kwenye ile kona yenye giza. Miaka ya moshi wa jiko ilikuwa imemla macho. Alisogea mpaka pua ikagusa bati, akapapasa kamba, akapapasa kichwa cha mwanawe.

"Huyu mwingine ana leso?" akanong'ona.

"Anayo," Cleofas akajibu. Mtu aliyekataa kumdanganya Kristo alimdanganya Domitila bila hata kumeza mate.

Mwezi uliofuata ilikuwa sikukuu ya Kristo wa Noria. Wakaja mahujaji kwa miguu, zikaja ngoma na fataki, na akaja Bi Aurea na mpiga picha wake. Cleofas alikuwa uwanjani anakunywa maji ya ukwaju alipoona Bi Aurea anatoka kanisani karibu akikimbia, na mara moja akajua ametoka kona gani.

"Don Cleofas! Kwa nini umelificha lile bati? Nyuma ya mlango, jamani! Nimefuata sahihi yako kama mbwa anayefuata nyama."

"Lile si la kuonyesha. Mwenyewe hataki."

"Mimi nimetazama kazi yako miaka yote hii. Hakuna inayolifikia. Yule kijana mwenye ulimi, nimesimama pale nikalia, muulize huyu mpiga picha kama sikulia. Ni nani?"

"Mtu tu."

"Sikiliza. Mwaka huu tunafanya maonyesho yako peke yako. Siyo na wengine, wewe peke yako. Nataka uso ule uwe mlangoni, mkubwa, mtu aone kabla hajaingia. Nipe ruhusa ya picha tu. Bati libaki hapa na Kristo wake. Ukisema hapana nitaelewa."

Hapo ndipo palipokuwa pahali pa kusema hapana. Neno lenyewe alikuwa nalo kinywani, na Bi Aurea, tusimwonee, angelikubali. Lakini Cleofas alifikiria uso wa Telo mlangoni, mkubwa kuliko mlango, watu wa jiji wamesimama wanaulilia. Yule aliyeitwa mpotevu. Yule aliyesema kuchora hakumwondolei mtu shida. Akafikiria pia, nitalisema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, maneno yale "wewe peke yako".

"Picha tu," akasema. "Na jina la kijiji lisitajwe."

"Lisitajwe," Bi Aurea akaahidi, akaishika ahadi yake. Haikusaidia kitu. Kabla ya juma kwisha picha ilikuwa kwenye tangazo la maonyesho, na tangazo kwenye simu za watu wote. Binti wa duka la dawa alimwonyesha Cleofas: uso wa Telo, umeng'aa, na chini yake maelfu ya watu wasiojulikana wameacha mioyo na machozi. Cleofas alirudi nyumbani anatembea kama kijana. Kwa siku mbili alikuwa mtu mwenye furaha kabisa, na ni lazima hilo lisemwe, kwa sababu baadaye yeye mwenyewe hakuweza kujisamehe zile siku mbili.

Siku ya tatu alikwenda kanisani akakuta kona ile ina ukuta mtupu. Misumari iling'olewa vibaya, chokaa imebanduka na kuanguka chini. Mtunza kanisa alisema wamekuja wanaume fulani, hawakuvua kofia, na yeye ana watoto, kwa hiyo alikuwa anafagia upande mwingine.

Cleofas alikimbia nyumbani. Macaria alikuwa anachambua maharage.

"Nipe namba ya Telo."

"Leo jua limetokea wapi? Miaka yote hii hukutaka hata kumsalimia."

"Macaria, nipe namba."

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Macaria aliacha maharage akasimama. "Kuna nini? Cleofas, kuna nini? Ameanguka kwenye jengo?" Akasema hakuna, amemkumbuka tu. Macaria akatabasamu, jamani, akatabasamu, akamwambia atakuwa kazini, huko kaskazini hawaruhusiwi kushika simu.

Mlangoni akaingia Domitila. Safari hii hakupiga hodi. Alikuwa amebeba furushi kichwani, na barabarani nyuma yake lori la vitunguu lilikuwa linanguruma, na kati ya magunia kofia ya Nabor ilionekana kidogo.

"Uliniambia ana leso," akasema.

"Domitila..."

"Nilikuuliza nimepiga magoti, mbele ya Kristo, ukaniambia anayo. Mtoto wa dada yangu ndiye amenionyesha kwenye simu. Kumbe kila mtu nchini kamwona mwanangu, na aliyemfungua kila mtu kamwona, mimi tu nisiyeona ndiye sikumwona." Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana Domitila tulimzoea kwa kelele. "Nimeacha jiko langu. Nimeacha kaburi la mume wangu. Mimi nina wa kukimbia naye. Yule mtoto wa watu aliyemfungua mwanangu ana nani wa kumkimbiza? Una roho gani wewe mzee?"

"Mtoto gani wa watu?" Macaria akauliza.

Domitila akamtazama, akamtazama Cleofas, na sijui alielewa nini usoni mwake, maana alijifunika mdomo kwa ushungi wake akatoka bila kuaga. Lori likaondoka. Cleofas akasema ni ugomvi wa kazi, na Macaria, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, hakuuliza zaidi.

Wakapigiwa simu kutoka makao makuu ya jimbo baada ya juma moja. Mfukoni mwa marehemu kulikuwa na karatasi yenye namba ya mama yake.

Chumba cha maiti kilikuwa nyuma ya hospitali, na mhudumu wake alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye sauti ya chini. Aliwaambia, "Usoni msitazame. Hakuna cha kutazama. Nitawafunulia pembeni tu." Akafunua pembeni. Lilikuwa sikio la kushoto. Macaria alilishika kwa vidole viwili, pale palipochanika, kama alivyokuwa akilishika Telo akiwa mtoto na usingizi umemgomea. Cleofas alisema ndiyo, ni yeye. Yule mtu akafunika, akawapa mfuko wa nailoni wenye vitu vya marehemu, akawaambia wakangoje nje, jeneza linakuja.

Nje kulikuwa na benchi la saruji na jua kali la asubuhi. Macaria aliufungua mfuko akatoa kitu kimoja kimoja. Mkanda. Buti moja. Kisha bati, pembe zimepinda, na damu iliyokauka upande mmoja. "Lilikuwa juu ya kifua chake," mhudumu alikuwa amesema, "tumeambiwa nalo ni lake."

Macaria aliweka bati mapajani akalisugua kwa mate na pindo la ushungi mpaka likaonekana.

"Kazi yako hii."

"Yangu."

"Ana masharubu." Akalisogeza juani. "Alipoondoka hakuwa na masharubu. Lini ulimwona?"

"Sikumwona. Nilisimuliwa. Nabor wa Domitila alinisimulia."

Akamweleza yote. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, tanuri, kamba, leso, wembe, Bi Aurea. Macaria alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye bati. Katikati ya maneno alimkatiza mara moja tu.

"Kwa hiyo habari za mwanangu ulikuwa nazo. Nakaa na wewe mezani, naongea upuuzi wa matofali, na wewe unazo."

"Sikutaka uumie."

"Endelea."

Alipomaliza, Macaria aliweka kidole kwenye maandishi. "Nisomee."

Cleofas akasoma. "Nakushukuru, Kristo wa Noria, mimi Domitila Rentería, kwa kunirudishia mwanangu Nabor kutoka mikononi mwa watu wabaya, na kwa mkono wa yule aliyemfungua, umlinde popote alipo."

"Na jina lake?"

"Lipi?"

"La aliyemfungua. Domitila ametajwa, Nabor ametajwa, wewe umejitaja, naijua hiyo alama yako. Mbona mwanangu hakutajwa?"

"Nililificha," Cleofas akasema. "Asije akadhurika."

Macaria alipitisha kidole gumba kwenye nyusi, kwenye masharubu, akakisimamisha kwenye ile ncha ndogo ya ulimi.

"Jina ukalificha," akasema. "Uso ukauacha."

Mhudumu alitokea mlangoni akawaita, jeneza limefika. Macaria aliliweka bati chini ya ushungi wake, akasimama, akaingia ndani bila kumngojea.